Namna ya Kuukagua Mlango wa Mti

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja husimama mbele ya milango ya kale, akastaajabia maua, minyororo na miiba ya shaba, kisha akenda zake asijue kwamba nakshi hiyo ndiyo kazi nyepesi kuhukumiwa, ilhali jambo lililoiwezesha milango ile kustahimili masika baada ya masika limefichamana ndani ya maungo yake. Kwa mizani hiyo hiyo naukagua mlango wa kawaida uliotengenezwa uani kwa mtu, juu ya meza ndogo ya useremala yenye jiriwa moja, kwani udogo wa meza si udhuru wa ila za kazi.

Mti kwanza. Mninga husifiwa kwa haki, maana ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana. Msaji una fadhila hiyo hiyo. Na mfenesi umewafaa mafundi wa Unguja tangu zamani. Walakini mninga mbichi ni hasara kuliko mti hafifu uliokauka. Kanuni ya kale hutaka ubao wenye unene wa inchi 1 ukae mwaka mzima kivulini, umepangwa kwa vijiti ili upepo upenye, na mwenye pupa asiyengoja atalipa baadaye, mlango utakapokataa kufungika.

Katika mlango wa fremu, roho ya kazi ni ulimi na tundu. Ulimi aghalabu huwa theluthi ya unene wa kipande, nao huingia tunduni kwa kusukumwa na mkono na kumaliziwa kwa nyundo ya mti: ukilegea, gundi ndiyo itakayoubeba mlango, ukikaza mno, kipande kitapasuka, kama si leo basi kesho. Wako wazibao mianya kwa unga wa msumeno uliokorogwa na gundi, wakapiga msasa hata hila isionekane. Lowesha kidole, pitisha juu ya kiungo kabla hakijapakwa rangi, na kiraka kitajidhihirisha kwa rangi isiyofuata rangi ya mti.

Bao la katikati lisigundishwe. Mti hutanuka kwa upana, kwa urefu karibu hautanuki kabisa, na bao lililobanwa pande zote halina budi kupasuka wakati wa ukavu au kuisukuma fremu wakati wa mvua. Libonyeze kwa kidole gumba: likicheza kidogo katika mfuo wake, fundi alikijua alichokifanya. Wanunuzi wengi hudhani mchezo huo ni taksiri, wakalipenda bao lililokazwa, na hapo ndipo hudanganyika.

Meza fupi haiwezi kuulaza mlango wa mita 2, basi aghalabu huunganishwa sakafuni, na sakafu ya uani ni nadra kunyooka. Pima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili. Kisha usimamishe mlango, ufumbe jicho moja, uangalie kama kipande kirefu cha karibu kinalingana na cha mbali toka juu hata chini. Pembe zilizokosana kidogo husahihishwa kwa randa. Mlango uliopindika hauna dawa, nami siununui hata kwa nusu ya bei.

Kama ni mlango wa mbao zilizosimama, zikashikwa nyuma kwa mikanda, utafute ubao wa mshazari: sharti uanzie chini upande wa bawaba, ukwee juu kuelekea upande wa kitasa, ili uzito ushuke hata kwenye bawaba ya chini. Aliyeugeuza hakuelewa kazi ya ubao ule, na mlango wake utainama.

Halafu pitisha mkono chini, kwenye ukingo unaoelekea kizingiti. Ncha za mti hunywa maji kuliko ubavu wake, nawe ukikuta hapo mti mkavu usiopakwa mafuta wala rangi, ujue aliyeutengeneza alifanya kazi kwa ajili ya macho ya wageni. Mwisho uangalie bawaba, tatu kwa mlango mzito, zikiwa zimezamishwa sawasawa na uso wa mti. Uache mlango nusu wazi, na usiposogea kwa nafsi yake, miimo imesimama wima. Ukikuta msumari umegongwa mahali pa skurubu, dai upunguziwe bei.