Koyote wa Kiangazi: Hewa Ndiyo Inayoamua

Mwishoni mwa Juni, jua huchomoza kusini mwa Arizona mnamo saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Ikifika saa mbili asubuhi, mwindaji wa koyote aliyeivishwa na jangwa la Sonora huwa ameshafunga virago. Joto ni sababu tosha ya kuondoka: kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, 2023, jiji la Phoenix lilikaa siku 31 mfululizo kwenye nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Lakini ipo sababu nyingine, na ndiyo kiini cha ufundi huu. Kufikia saa hiyo, hewa iliyokuwa ikimsaidia mwindaji imeshageuka na kumsaidia koyote. Nitaonyesha inavyogeuka, kwa sababu ninaamini anayeielewa hewa ndiye huwinda vizuri, na ndiye hujua wakati wa kuiacha bunduki begani.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Koyote ni wa ukoo mmoja na bweha wetu, na wa jangwani ni mwepesi, wengi wakiwa na kilo tisa hadi kumi na mbili. Hujipoza kwa kuhema huku ulimi ukining'inia, na kila pumzi ya namna hiyo humpotezea maji. Kwa hiyo kiangazi huhamishia kazi zake usiku na mapambazuko. Mchana hulala kwenye kingo za makorongo, chini ya mesquite, mti wa jamii ya mathenge unaojulikana sana Baringo na Garissa. Hula sungura na panya, hutafuna maganda matamu ya mesquite, hufuata matunda ya dungusi kubwa la saguaro yanayoiva Juni na Julai, kisha ya mipungate mwezi Agosti. Maji ya kunywa yakiwapo huyafuata. Mengine huyapata kwenye nyama na matunda hayo.

Kiangazi pia ndiyo majira ya ulezi. Koyote hupandana kati ya Januari na Machi, mimba huchukua siku zipatazo 63, na watoto huzaliwa Aprili au Mei. Mwezi Julai watoto wameshatoka pangoni, hawajui kuwinda vya kutosha, na wazazi wanahangaika kuwalisha na kuwalinda.

Mbinu kuu ya kumwinda ni kumwita. Mwindaji hujificha, kisha hutoa mlio wa sungura aliyekamatwa. Huko Texas, ndugu wawili wa mji wa Marble Falls, Murry na Winston Burnham, walisaidia sana kuieneza mbinu hii katika miaka ya 1950 kwa kuuza filimbi za kuitia. Leo wengi hutumia spika ndogo yenye rimoti. Kiangazi huongezwa mlio wa mtoto wa koyote anayelia kwa maumivu. Mzazi akiusikia huja kutetea, hata kama hana njaa. Kwa hiyo mlio unaofaa unajulikana. Ugumu uko kwenye kuufikisha bila kufikisha harufu yako pamoja nao.

Sauti huenda mbio zaidi kwenye hewa ya moto: takriban mita 346 kwa sekunde kwenye nyuzi 25, na takriban 355 kwenye nyuzi 40. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotawala kila kitu. Mchana mchanga huungua kupita nyuzi 60, na hewa inayougusa huwa ya moto kuliko iliyo juu yake. Sehemu ya chini ya wimbi la sauti hutangulia, ya juu hubaki nyuma, na wimbi zima hupinda kuelekea angani. Koyote aliyelala mita mia chache kutoka kwenye spika anaweza asisikie kitu, ingawa masikio yako yanauma kwa kelele.

Alfajiri mambo hugeuka. Usiku mkavu usio na mawingu umeiacha ardhi ipoteze joto lake, na hewa baridi imetuama chini huku yenye joto ikielea juu. Sasa wimbi la sauti hupinda kurudi ardhini, likatambaa juu ya tambarare na kufika mbali, kila upande.

Harufu nayo ina ratiba yake. Usiku hewa baridi huteremka polepole kutoka vilimani ikifuata makorongo, na harufu ya mtu hubebwa humo humo. Jua likishapasha miteremko, mkondo hugeuka na kupanda mlima. Kati ya vipindi hivyo viwili hewa huzungukazunguka bila mwelekeo, na wakati huo hakuna mahali salama pa kukaa.

Ukiunganisha mambo hayo mawili, unaiona hesabu ya kiangazi. Mchana, upepo huinamisha sauti ardhini upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, na kuirusha juu zaidi upande wa joshi, kule unakotoka. Koyote anayekusikia vizuri adhuhuri ni yule aliye demani, na huyo huyo ndiye anayepelekewa harufu yako. Atajua kuna mtu kabla hujamwona. Alfajiri tulivu peke yake ndiyo hutenganisha viwili hivi: sauti inaenea pande zote, harufu inateremka njia moja inayotabirika. Kazi yote ya mwindaji ni kuitumia nafasi hiyo kabla haijafungwa.

Ndiyo maana maandalizi huanza gizani. Gari huachwa nyuma ya kilima, milango ikifungwa kwa mkono bila kubamizwa. Mwindaji hukaa ukingoni mwa korongo, kamwe si ndani yake, akiwa ameegemea kichaka ili umbo lake livunjike, na jua litakalochomoza likiwa mgongoni. Spika huwekwa kando, hatua hamsini hivi, ili macho ya mnyama yaelekee huko. Jambo la msingi zaidi ni uwanja wa wazi upande wa mteremko. Koyote mzoefu hanyookei mlio. Huzunguka hadi ainuse hewa inayotoka upande wa mlio. Kwa kuwa hewa inateremka, atazunguka chini, na lazima avuke uwanja ule kabla ya kuifikia harufu.

Mlio wa kwanza huwa wa sauti ndogo, maana mnyama anaweza kuwa karibu. Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha, kisha mtu huhama. Mtazame koyote anapokuja: anakimbia kwa mkupuo, anasimama nyuma ya kichaka, masikio yamesimama, pua imeinuliwa kidogo, kisha anaanza kukata kushoto au kulia. Hapo ndipo mwindaji huangalia uelekeo wa hewa, na ndipo hulazimika kuamua.

Risasi yenyewe ina masharti ya joto. Masanduku ya risasi hayaachwi juu ya dashibodi, kwa kuwa baruti iliyopata joto kali huongeza shinikizo na kubadilisha mahali risasi inapogonga. Jua likipanda, mangazimbwe hucheza ndani ya darubini na kuisogeza shabaha mbele ya macho. Wakati huo kuacha ni busara, kwani koyote aliyejeruhiwa anaweza kufa kwa mateso.

Maji yana kanuni yake pia. Nyayo kwenye tope la bwawa la ng'ombe husema mengi: wayo wa koyote ni mrefu kuliko upana wake na kucha mbili za mbele zimekaribiana, tofauti na wa mbwa ulio mviringo. Ila sheria ya Arizona inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili, kama mita 400, ya chanzo cha maji pale ambapo wanyama watanyimwa maji pekee wanayoweza kuyafikia. Ni sheria ya haki.

Sasa swali la sababu ya kuwinda kiangazi. Manyoya ya kiangazi ni machache na hayana soko, na anayeua mama Julai huenda ameua na watoto wake. Kupunguza idadi kwa kuua ovyo hakufanikiwi: mwaka 1975 Guy Connolly na William Longhurst wa California walikokotoa kwamba hata ukiua asilimia 75 ya koyote kila mwaka, kuwamaliza kungechukua zaidi ya miaka hamsini. Lakini utafiti wa Hopland, California, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba kondoo wengi huuawa na koyote wanaozaa wenye maskani pale pale penye kondoo, na kwamba kuwaondoa hao hasa hupunguza hasara kwa muda, ilhali kuua yeyote tu hakusaidii.

Kwa maoni yangu hilo linaweka mpaka. Mfugaji anayepoteza wana-kondoo ana haki ya kumwita mwindaji Juni, na mwindaji huyo anadaiwa ufundi wote nilioueleza, kwa sababu anamtafuta mnyama fulani mahali fulani. Asiye na hasara ya kuzuia na asubiri majira ya baridi, watoto wakiwa wamejitegemea na ngozi ikiwa na thamani. Atapata saa nyingi zaidi za hewa tulivu, na hatakuwa amewaacha yatima jangwani kwa sababu ya mchezo.