Kuandika Bila Kusoma: Uhakiki wa Kitabu cha Howard Engel

Katika Kiswahili, kusoma na kuandika hutajwa pamoja mithili ya pacha. Ajuaye hili hudhaniwa analijua na lile. Dhana hiyo inatikiswa na kitabu cha Howard Engel, The Man Who Forgot How to Read (2007).

Engel, mtunzi wa riwaya za upelelezi wa Kanada, aliamka asubuhi moja ya Julai 2001 akaliona gazeti lake kana kwamba limechapwa kwa lugha ya kigeni. Alikuwa amepatwa na kiharusi. Kumbukumbu yake ilidhurika pia, lakini aliweza kusema na kuandika. Ila alichokiandika mwenyewe hakuweza kukisoma. Mganga Mfaransa Jules Dejerine alikwisha kuieleza hali hii mwaka 1892: sehemu ya nyuma ya ubongo, upande wa kushoto, huharibika pamoja na njia iunganishayo pande zake mbili. Jicho huona herufi, lakini habari haifiki palipo na lugha.

Ubora wa kitabu ni kwamba mwandishi haombolezi, bali anaonyesha kazi ya kujifunza upya. Oliver Sacks, katika The Mind's Eye (2010), anaeleza kwamba Engel alizitambua herufi moja moja kwa kuzichora kwa ulimi kinywani.

Hata hivyo, msomaji huyo ni wa Kiingereza. Je, mwalimu au karani wa Kalima, mji wa machimbo ya bati katika Maniema, angefuata njia hiyo? Kwa upande mmoja, tahajia ya Kiswahili ingemfaa, maana herufi hufuatana na matamshi. Kwa upande mwingine, neno kama "hawakutusomea" lina herufi 13. Kabla ya kuufikia mzizi -som- angepita herufi 8 na viambishi vinne, vyote akivishika kichwani.

Zaidi ya hayo, lugha yenyewe ingemdhulumu. "Hajui kusoma" husemwa juu ya asiyepata kufundishwa. Aliyenyang'anywa kusoma na ugonjwa hana jina lake. Ni rahisi basi kumwita mvivu au mwenye kujisingizia. Kitabu cha Engel chafundisha tuhuma hiyo ipimwe kwanza: apewe kalamu. Akiandika sentensi sahihi, kisha ashindwe kuisoma, si mjinga wala mwongo. Anayemhitaji ni mtu wa kumsomea.