Kufuli Ndani ya Ua la Mdagu

Mdagu ulioko barazani kwangu ulichanua misimu minne mfululizo bila kufunga tunda hata moja. Niliubadilishia udongo, nikausogeza juani, nikaupogoa matawi; wapi. Maua yalikuja tele, ya waridi ukingoni na meupe kooni, kisha yakapukutika yote. Mmea haukuwa na kasoro. Nilielewa asubuhi niliyochukua wembe, nikalipasua ua moja kwa urefu kutoka mdomoni hadi kwenye kikonyo, nikalitazama kwa kioo cha kukuzia.

Ua dume la boga huweka chavua yake wazi: ukiligusa, kidole kinarudi na vumbi la manjano. La mdagu halina vumbi la kuonekana. Chini ndani ya mrija wake, vifuko vitano vya chavua vimeegemeana na kushikana kama paa la msonge, na kutoka kileleni mikia mitano yenye vinyweleo inapanda kuelekea mdomo wa ua. Ndani ya msonge huo kimo kichwa cha sehemu ya kike. Chavua humwagika kwa ndani, juu ya kichwa hicho, na mtu angedhani kazi imekwisha, maana dume na jike wamelala chumba kimoja. Sivyo. Sehemu inayopokea chavua iko chini ya kichwa, upande wa pili wa ukingo unaotoa gundi. Chavua iko darini, mlango uko chini, na ngazi hakuna.

Ngazi ni mdudu mwenye mrija mrefu wa kunyonya. Anauingiza hadi chini kutafuta utamu. Anapouvuta kutoka, unanaswa katika ufa mwembamba ulio kati ya vifuko viwili na kulazimika kupanda humo humo. Kwanza unapita penye mapokezi na kuacha chavua iliyotoka ua la awali, kisha unapakwa gundi, na mwishoni unafika darini na kubeba chavua mpya. Mpangilio huo ndio unaonistaajabisha zaidi katika mmea huu wote: ua linapokea kabla ya kutoa, kwa hiyo si rahisi lijichavushe lenyewe. Barazani kwangu mdudu wa namna hiyo haonekani.

Basi nikafanya kazi yake. Uzi mwembamba wa kuvulia samaki unatosha. Katika ua linalotoa chavua, nilichana mrija, nikabandua kifuko kimoja kwa sindano na kuupaka uzi ute wa gundi, halafu nikauzungusha penye chavua, ambayo ni bonge dogo la rangi ya maziwa. Katika ua linalopokea nilikata dirisha ubavuni, nikaupenyeza uzi chini ya msonge, kati ya vifuko viwili, nikauvuta juu polepole hadi nikahisi umekwama kidogo. Mkwamo huo ndio dalili njema. Chagua ua lililofunguka karibuni, asubuhi, kabla joto halijaikausha gundi.

Nilichavusha maua kumi na moja. Yote yalianguka.

Kosa lilikuwa kwenye ukoo, mikono haikuwa na lawama. Mdagu wa barazani na ule wa pili, uliotoa chavua, niliinunua kutoka kitalu kimoja, na yote ilikuwa matawi yaliyokatwa kwa mama mmoja na kuchomekwa ardhini. Kwa macho ni miche miwili. Kwa uzazi ni mmea mmoja katika vyungu viwili, na mdagu kwa kawaida haukubali chavua yake mwenyewe. Ningepaswa kutambua kwa kutazama shina. Mdagu uliotokana na tawi hukaa mwembamba chini kwa miaka, mizizi yake ikiwa kama kamba. Uliotokana na mbegu huanza kuvimba ungali mchanga, kwa sababu sehemu iliyo kati ya majani ya kwanza na mzizi ndiyo ghala la maji. Peter Forsskål, mwanafunzi wa mwanabotania Linnaeus, aliyefariki Yemen mwaka 1763, aliuona unene huo. Katika kitabu chake kilichotoka 1775, baada ya kifo chake, mmea unaitwa *Nerium obesum*, yaani oleanda mnene. Jina la sasa ni *Adenium obesum*.

Ghala hilo ndilo linaloueleza mmea mzima. Katika nyika kavu za Kenya mdagu huangusha majani wakati wa kiangazi na kuchanua ukiwa uchi, kwa akiba iliyo tumboni. Ndiyo maana nasisitiza: usiumwagilie kila siku kwa huruma. Upe mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, kokoto ndogo, mkaa uliopondwa na mboji kidogo, chungu chenye matundu, na maji pale tu udongo umekauka hadi chini. Bonyeza tumbo kwa kidole gumba. Likibonyea, mmea una kiu au umeanza kuoza, na udongo utakuambia ni lipi. Ukihamisha chungu, pandisha mmea sentimita moja au mbili ili mabega ya mizizi yaonekane. Mizizi uliyoikata iache ikauke kivulini siku kadhaa kabla ya kuifukia.

Na vaa glavu. Utomvu wake una sumu inayogusa moyo, na baadhi ya jamii za Afrika Mashariki zimeutumia kupaka mishale. Wembe uliotumika usirudi jikoni.

Niliomba maua matatu kwa jirani mwenye mdagu wa mbegu, nikayabeba katika kikombe. Kati ya maua tisa niliyoyachavusha, mawili yalishika. Kila moja lilitoa jozi ya maganda yaliyopinda kama pembe za ng'ombe, yakanenepa kwa miezi zaidi ya miwili. Niliyafunga kwa uzi yakiwa bado mabichi, kwani ganda likipasuka bila kifungo upepo huondoka na mbegu zote: kila mbegu ni kijiti chembamba chenye shungi la nyuzi laini ncha zote mbili. Nilizilaza juu ya mchanga wenye unyevu, nikazifunika kidogo tu. Wiki haikuisha zikaanza kuinua vichwa, na chini ya yale majani mawili ya kwanza tayari palikuwa pamevimba, kama punje ya mchele.