Kufumbua fumbo kwa herufi moja si wizi

Mtu akituzidi maarifa, wepesi wetu ni kusema ameiba. Mnamo Novemba 2010, katika kipindi cha Marekani cha Wheel of Fortune, mshindani mmoja alitazama ubao wa maneno saba, herufi 27, ambapo L pekee ndiyo iliyofunuliwa. Akajibu, akapatia: "I've got a good feeling about this." Baadhi ya watazamaji wakanung'unika ati lazima alipenyezewa jibu.

Shaka yenyewe haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1956 Charles Van Doren alikuwa akipewa majibu mapema katika kipindi cha Twenty-One, naye mpinzani wake, Herb Stempel, akaagizwa ashindwe. Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1959. Mwaka uliofuata sheria ikaharamisha hila hizo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hata hivyo, hebu tuutazame ubao ule kiisimu. Alama za uandishi huonyeshwa tangu mwanzo. Neno la kwanza lilikuwa na herufi moja, ritifaa, kisha herufi mbili. Kwa Kiingereza hapo huenda "I've" au "I'll". Lakini L ilikuwa tayari imetajwa na haikutokea hapo, kwa hivyo imebaki "I've" tu. Neno la tatu lilikuwa la herufi moja, na baada ya "I've" na neno la herufi tatu, linalotarajiwa ni "a". Pana wizi gani hapo, jamani? Huo ni ujuzi wa lugha. Kiswahili kingetupa msaada zaidi: ukiona ritifaa ubaoni, unajua N na G zimetangulia, na maneno yetu aghalabu huishia kwa irabu, sembuse upatanisho wa ngeli!

Kwa maoni yangu, dhuluma ya kweli katika michezo hii hukaa kwenye kiti cha mwamuzi. Desemba 2012, katika kipindi hicho hicho, mshindani alifumbua fumbo lote lakini akatamka "swimmin'" badala ya "swimming". Akanyimwa ushindi. Waamuzi walishikilia kanuni ya matamshi, na kanuni ni kanuni, sikatai. Ila lafudhi ile ya kuangusha G ni ya mamilioni ya Wamarekani, na haizai neno jingine. Anayesema "kula" akikusudia "kura" ametaja neno jingine kabisa, huyo anyimwe. Mwenye lafudhi tu ana kosa gani?

Nasema haya nikiwa na deni. Miaka mingi iliyopita niliketi mwamuzi katika shindano la maneno la shule za upili. Msichana mmoja alifumbua methali kabla ya wenzake wote, akasema: "Halaka halaka haina balaka." Hakuna "halaka" wala "balaka" katika kamusi zetu, kwa hivyo hapakuwa na utata wowote kuhusu alichokusudia. Nilimnyima alama. Ukumbi ulicheka, nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Hakulalamika. Alirudi kitini pake, na kombe likaenda shule nyingine.