Chupa Iko Wapi?

Kuna siku nilimsafishia nyanya yangu wimbo nikauharibu. Naanza hapo kwa sababu makala haya yanalaumu watu, na ni haki nijilaumu kwanza.

Nilikuwa nimeacha chuo, niko tu kwa nyumba na kompyuta na muda mwingi. Kukhu alikuwa na santuri moja ya omutibo, zile ndogo za kuzunguka mara 45 kwa dakika. Niliirekodi kwenye kompyuta, na kitu cha kwanza kusikika kilikuwa kama mafuta ya chapati yakitatarika. Juu yake kulikuwa na mkwaruzo uliogonga tak! kila sahani ilipomaliza mzunguko, yaani kila sekunde 1.3. Nikafungua Audacity, programu ya bure, nikavuta vidhibiti karibu hadi mwisho. Tak ikapotea. Nikajiona injinia.

Kukhu alisikiliza hadi katikati, akaniangalia. "Mjukuu wangu, chupa iko wapi?"

Kwa asiyejua, omutibo ni gitaa la magharibi mwa Kenya lililovuma miaka ya 1950 na 1960. George Mukabi, aliyefariki 1963, ndiye jina lake kubwa. Gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba, na kando mtu anagonga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Hiyo chupa ndiyo ngoma. Ukiiondoa, gitaa linatembea bila miguu.

Sasa ona jinsi programu inavyofikiri. Sauti ya kiwango cha CD ni vipimo 44,100 kwa kila sekunde. Programu hutafuta mahali vipimo vinaporuka ghafla na kutulia, hukata hapo, kisha huziba pengo kwa kukisia kutoka kwa vipimo jirani. Kwa mkwaruzo wa kawaida, kazi yake ni safi sana. Lakini chuma kwenye kioo pia ni mruko wa ghafla. Programu haioni chupa, inaona namba tu. Ukiizidishia ukali, vumbi na mwanamuziki ni kitu kimoja.

Ndiyo maana sizipendi nyingi za zilipendwa zinazopakiwa mtandaoni zikiwa zimesuguliwa hadi zimenyamaza. Kayamba imegeuka mvuke, na mwimbaji anasikika kama amefunikwa blanketi. Tunasifu usafi kwa sababu tumezoea nyimbo zilizozaliwa ndani ya kompyuta, na tunadhani wazee wetu walikosea kutozaliwa humo.

Lakini wasee wa upande ule mwingine nao hawaniwezi. Hao husema kutatarika ndiko roho ya santuri. Roho gani? Hakuna mtu aliyetunga vumbi. Siku ya kurekodi, studioni hakukuwa na mkwaruzo huo. Ulikuja baadaye, na sindano butu na mikono yetu. Halafu kuna maprodyuza wa biti za kutuliza mawazo wanaoongeza vumbi bandia kwa makusudi, kama manukato. Mmoja anaona uzee ni uchafu, mwingine anaona ni pambo. Wote wawili wameacha kusikiliza wimbo.

Kazi yenyewe inataka subira. Osha sahani kabla ya kuirekodi, maana tak nyingi ni vumbi tu. Hifadhi nakala ghafi na usiiguse tena. Mikwaruzo mikubwa itoe mmoja mmoja, kwa mkono, hata kama ni usiku kucha. Halafu fanya jambo ambalo mimi sikufanya: sikiliza ulichotoa. Chukua nakala ghafi, geuza mawimbi yake juu chini, icheze pamoja na ile safi. Kinachobaki ndicho ulichotupa. Ukisikia vumbi peke yake, uko sawa. Ukisikia mdundo ndani ya takataka, rudi nyuma.

Mimi nilihifadhi safi juu ya ghafi, kwa jina lile lile. Nikasema si neno, nitarekodi tena. Nikasafiri na santuri kwenye matatu, nikaiweka dirishani, na jua la mchana likaipinda kama chapati. Sindano haishiki tena. Lebo yake ilibanduka kabla sijazaliwa, kwa hivyo hata nikienda Kenyatta Market kwa wauza santuri, sijui niulize jina gani.

Kukhu hajanilaumu. Siku hizi haombi niucheze.