Supu Isiyo na Bibi Harusi

Katika zoezi moja la tafsiri, mwaka wangu wa kwanza wa uzamili, nilikutana na maneno matatu ya Kiingereza: Italian wedding soup. Nikaandika "supu ya harusi ya Kiitaliano" na kuendelea na sentensi iliyofuata. Sikuona pa kusita. Sisi tuna pilau ya harusi. Kwa nini Waitaliano wasiwe na supu yao?

Niliyafasiri maneno ya Kiingereza sawasawa. Aliyekosea alikuwa Kiingereza, nami nilikopi kosa lake kwa mwandiko mzuri.

Jina la asili ni minestra maritata, supu ya Napoli na eneo la Campania, ambako hupikwa hasa Krismasi na Pasaka. Minestra ni supu. Maritata ni "iliyoolewa." Hakuna harusi hapo. Wanandoa wamo chunguni: mboga za majani, nyingine zenye uchungu kidogo, na vipande vya nyama ya nguruwe. Kimoja kinaukata uzito wa mwenzake.

Wala hilo si pambo la mpishi mmoja. Karibu na Aversa, kaskazini mwa Napoli, mizabibu imezoeleka kupandishwa juu ya miti mirefu ya popla, na mzabibu wa namna hiyo huitwa vite maritata, yaani mzabibu ulioolewa. Mti unaubeba mzabibu. Kwa watu wa huko, kuoana ni neno la shambani na jikoni, si la kanisani tu.

Supu ilipofika Marekani pamoja na wahamiaji, chungu chenyewe kilibadilika. Vipande vya nguruwe vikawa vibonge vidogo vya nyama ya kusaga, tambi ndogondogo zikaongezwa, na leo inauzwa hata kwenye makopo. Jina nalo likabadilika, na hapa ndipo ninapolalamika. Maritata inaeleza kilichotokea ndani ya supu. Wedding ni sherehe. Inaitoa supu chunguni na kuipeleka ukumbini. Msikilizaji haulizi tena ni nini kimeoana na nini. Anauliza harusi ya nani.

Na Kiingereza hakiwezi kujitetea kwamba kilikosa neno. Wapishi wake wenyewe husema ladha zina-marry. Neno lilikuwepo; halikutumika tu.

Mtu atasema jina likishazoeleka limeshakuwa jina, na familia ikiamua kuipakua supu hiyo harusini, nani ataikatalia? Nakubali. Wedding soup ni jina halali la chakula halali cha Wamarekani, na sina haja ya kuwasahihisha. Ninayemsahihisha ni mimi. Nililichukua jina la Marekani nikidhani ni dirisha la kuionea Napoli. Sisi tunaosoma dunia kupitia Kiingereza tunafanya hivyo kila siku: tunapokea kitu cha watu kikiwa kimeshapita mkono mmoja, halafu tunakiita asili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kilikuwa karibu na Napoli kuliko Kiingereza, nami nikakizungusha njia ndefu. Ni kweli, kitenzi oa kinaleta shida: mume huoa, mke huolewa. Ukiandika "supu iliyoolewa," msomaji atauliza nani kaioa. Lakini tuna oana. Tunasema shati na suruali vimeoana. Tunasema maelezo ya shahidi hayaoani na ushahidi. Hakuna anayetafuta shela wala mahari katika sentensi hizo. Kiambishi kile kidogo, -an-, kinabeba wazo zima la mpishi wa Napoli: vitu viwili vimekutana na kila kimoja kimemkubali mwenzake.

Nimerudi kwenye zoezi lile. Nimefuta "ya harusi" na kuandika "supu ya mboga na nyama zilizooana." Ni refu kwa menyu, najua. Lakini mpishi wa Napoli akielezwa maana ya jina hilo, atakitambua chungu chake.