Namna watoto 15,459 walivyoandikishwa kwenye jaribio la chanjo ya malaria

Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S liliandikisha watoto 15,459 kati ya Machi 2009 na Januari 2011, katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Vitano kati ya vituo hivyo vilikuwa Afrika Mashariki: Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania; Kilifi, Siaya na Kombewa nchini Kenya. Watoto 6,537 walikuwa vichanga wa wiki 6 hadi 12, na 8,922 walikuwa wa miezi 5 hadi 17.

Umri huo ndio ulioamua njia ya kuwapata. Kichanga wa wiki sita hatafutwi, kwani mama humleta mwenyewe kliniki kwa chanjo za kawaida, na chanjo ya majaribio ilipangwa iende pamoja nazo. Mtoto mkubwa zaidi huja kwa nadra, hivyo ni lazima ijulikane anaishi wapi. Kilifi ilikuwa na mtaji huo tayari: tangu mwaka 2000 watafiti wa taasisi ya KEMRI na shirika la Wellcome walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Kituo kisicho na daftari la namna hiyo huanza na kazi ya sensa kabla ya kufikiria sindano.

Vigezo vya kupokelewa havikuwa vikali sana. Maambukizi ya virusi vya UKIMWI, kwa mfano, hayakutosha peke yake kumwondoa mtoto. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, maana chanjo iliyopimwa kwa watoto wenye siha tu ingesema machache kuhusu watoto watakaoipata.

Ugumu hasa ulikuwa kwenye ridhaa. Mzazi alitakiwa aelewe kwamba mtoto wake atapangwa kwa bahati nasibu, na kwamba huenda asipate chanjo ya malaria hata kidogo. Waliokuwa kwenye kundi linganishi walipewa chanjo nyingine: ya kichaa cha mbwa kwa wakubwa, ya homa ya uti wa mgongo aina ya C kwa vichanga. Asiyejua kusoma alisomewa fomu mbele ya shahidi asiye mtu wa mradi, kisha akaweka dole gumba. Swali zito kuliko yote huwa ni la damu. Pwani, habari za mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu ya wengine, ni za zamani, na mtafiti anayechota damu ya mtoto bila kueleza kiasi na sababu huzipa uhai mpya. Ndiyo maana Kilifi ilikuwa na wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe, wa kupeleka habari kijijini na kurudisha manung'uniko kwa watafiti.

Kuna jambo ambalo fomu haiwezi kulimaliza. Mtoto aliyemo kwenye utafiti huangaliwa kwa karibu na hutibiwa mapema. Mahali ambapo zahanati huishiwa dawa, faida hiyo ni kubwa kiasi cha kumfanya mzazi aitikie kabla ya kusikia hatari. Kuwanyima watoto matibabu ili kuilinda hiari ya wazazi kungekuwa ukatili. Kilichobaki ni kurudia maelezo katika kila ziara, na kumkumbusha mzazi kwamba anaweza kujitoa bila kupoteza huduma za kawaida.

Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2015, yakiwemo maswali ya usalama kama vile visa vya homa ya uti wa mgongo kuonekana zaidi kwa watoto wakubwa waliochanjwa. Maswali hayo yalichangia kuanzishwa kwa utoaji wa majaribio wa chanjo hiyo nchini Ghana, Kenya na Malawi mwaka 2019. Safari hii hapakuwa na fomu ya kila mzazi: kumleta mtoto kliniki kulihesabiwa kuwa ni kukubali. Mwaka 2020 jarida la BMJ lilichapisha ukosoaji wa utaratibu huo. Shirika la Afya Duniani liliutetea kwamba ndio wa chanjo zote za kawaida. Utetezi huo haukutosha, kwa kuwa usalama wa chanjo hiyo ulikuwa bado miongoni mwa mambo yaliyokuwa yakichunguzwa.